Plau Ilipopita kwa Shangazi Versie

Sanduku la Posta 41,
Ebenezer Fork, Georgia.
9 Machi, 2016.

Mpendwa binamu yangu Linwood,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa kaka yangu Hosea. Mama yangu alitufundisha kwamba hata nyumba ikiwa inaungua, jirani husalimiwa kwanza ndipo aombwe ndoo. Basi nakusalimu. U hali gani huko Tacoma? Mgongo unaendeleaje tangu ule upasuaji? Mkeo Marvella hajambo? Na binti yenu Jocelyn, bado anafanya zamu za usiku pale hospitalini? Picha mliyotuma Krismasi ilifika. Umenenepa, na ndevu zako zimekuwa nyeupe kuliko za Hosea, naye amekuzidi miaka kumi na mitatu.

Sisi tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Goti langu la kushoto limeshikwa na baridi yabisi. Hosea ana presha ya macho, kwa hiyo siku hizi mimi ndiye ninayeendesha gari na yeye ndiye anayelalamika. Sukuma wiki zimeponea chupuchupu baridi ya Januari. Kanisani tumeletewa mchungaji mpya, kijana, anahubiri dakika kumi na nane kisha anakaa, na wazee wanadai hajamaliza chuo.

Nimeshasalimu. Sasa keti, Linwood. Nina habari ya mama yako, Shangazi Versie. Nimeikalia wiki mbili nzima kwa sababu kila nikianza kuandika naichana karatasi kwa hasira, na nilitaka upate habari bila hasira yangu. Nimeshindwa, pokea vyote viwili.

Tarehe ishirini na tatu Februari, trekta ya Idara ya Mashamba na Misitu ilipitisha plau katikati ya makaburi yetu kule msituni. Kaburi la mama yako lilikuwa njiani.

Nitakueleza ilivyokuwa, nawe uvumilie, maana nikiruka jambo moja utauliza, na sina nguvu ya kuandika barua hii mara mbili.

Mwezi wa kumi mwaka jana Chuo cha Mount Tabor kiliwekeana mkataba wa ushirikiano na Idara. Nilialikwa kama mwanafunzi wa zamani, nikavaa kofia yangu ya zambarau nikaenda. Kulikuwa na utepe wa kukata, kuku wa kukaanga, na hotuba. Bwana mmoja wa Idara, anaitwa Stroud, alisimama akasema kuanzia siku ile Idara, Tabor na wakulima weusi wa kaunti hii ni familia moja. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nakiri. Mkataba wenyewe ulihusu misonobari: Idara italeta wataalamu na matrekta, Tabor italeta mabibi shamba na mabwana shamba wake, na sisi tutaleta misitu yetu ili ichomwe moto wa chini kila majira ya baridi, kwa kuwa sayansi imegundua kwamba msonobari unaupenda moto huo.

Imegundua! Linwood, wewe ulikuwa mtoto lakini bila shaka unakumbuka baba yangu na magunia yaliyolowa maji. Kila Februari alichoma sakafu ya msitu, ule moto mfupi unaotembea taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini, ili kupe wafe na kware wapate pa kukimbilia. Mwaka hamsini na nne watu wa Idara hiyo hiyo walikuja na polisi wa kaunti wakamtia ndani siku thelathini kwa kuchoma msitu wake mwenyewe. Tulipanda mahindi bila yeye mwaka ule. Sasa wajukuu wa wale waliomfunga wamemchukua Hosea wakamketisha darasani Tabor siku tatu, wakamwonyesha ukutani picha za namna ya kuwasha moto, kisha wakampa cheti na kofia. Ni kumfundisha samaki kuogelea. Hosea aliivaa ile kofia hata mezani, nikamwambia anafanana na chupa iliyofungwa kizibo kisicho chake.

Utaniuliza kwa nini tulikubali. Tulikubali kwa sababu ya Keturah Mobley, mjukuu wa Shemasi Mobley. Ndiye bibi shamba wa Tabor katika upande wetu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma katika shule ya Jumapili, nikimfuatishia maneno kwa ncha ya penseli. Gari lake lina nembo mbili mlangoni, ya Tabor na ya Idara. Nilifungulia mlango nembo ya Tabor, na ile ya Idara ikaingia nyuma yake. Walijua wanachofanya wale. Miaka sitini wamebisha hodi kwetu bila kuitikiwa, wakaenda kumtafuta mtoto wa jirani abishe badala yao.

Alikuja Novemba pamoja na Bwana Stroud, wakatandaza ramani ya shamba mezani kwangu jikoni. Keturah akauliza kama kuna kitu msituni tunachotaka kisiguswe, kama kisima, nyumba ya zamani, au makaburi. Hosea akajibu kwamba makaburi yapo. Bwana Stroud akachukua kalamu, akasema vizuri sana, mzee, hebu tuwekee kidole hapa kwenye ramani.

Unajua kilichofuata. Wewe umezaliwa hapa. Hosea alitoa mikono mezani akaikalia, kama tulivyofanya sisi sote tulipokuwa watoto na kupita pale na Bibi. Kaburi halinyooshewi kidole. Anayelinyooshea kidole chake kitaoza na kudondoka, na tangu nizaliwe sijamwona mtu wa kwetu aliyejaribu. Ukitaka kumwonyesha mtu kaburi unakwenda naye kwa miguu, unasimama penye miguu ya marehemu, unanyamaza, naye anaelewa. Hosea akasema atawapeleka. Bwana Stroud akanigeukia mimi. Na mimi, Linwood, mwenye shahada ya Tabor ukutani, niliyefundisha sayansi miaka thelathini na minane, nikainuka kwenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Keturah hakushurutisha. Alisema mstari wa makaburi kwenye fomu atauacha wazi, na kwamba tutatembea wote pamoja kabla trekta haijaja. Siku ikapangwa, Ijumaa ya tarehe ishirini na sita Februari. Niliiandika kwenye kalenda na kuizungushia duara.

Trekta ilikuja Jumanne.

Siku hiyo nilikuwa nimempeleka Hosea kliniki ya macho. Tuliporudi alasiri, Hosea alishuka garini akasimama akinusa, akaniambia kuna udongo mpya. Mtu huyu haoni vizuri sahani yake lakini alinusa udongo uliofunuliwa toka nusu maili. Tukaenda kwa miguu, mimi na goti langu, yeye na macho yake.

Wamekata mkanda wa kuzuia moto upana wa hatua tano kutoka kijitoni hadi barabarani, mnyoofu kabisa, wa kupendeza ukiwa hujui umepita wapi. Mwerezi wa Babu umekatwa. Ile mimea yenye majani makali kama mkonge, tuliyopanda vichwani pa kila mmoja, imefukuliwa na kusukumwa pembeni, mizizi juu. Chupa za dawa za buluu, kombe za baharini, vioo vya taa, sahani, vikombe visivyo na mikono, vyombo tulivyowawekea marehemu juu ya makaburi yao, vyote vimechanganywa na udongo hata huwezi kujua kipi kilikuwa cha nani. Beseni jeupe la mama yako lenye ukingo mwekundu, lile ulilolitoboa mwenyewe kwa msumari siku ya mazishi, nililiona hatua arobaini kutoka pale, limekunjwa mara mbili kama chapati. Niliketi chini kwenye udongo na nguo yangu ya kliniki. Nililia kwa sauti, sikuona haya na sioni haya kukuandikia.

Bwana Stroud alikuja kesho yake asubuhi. Alivua kofia, nampa hilo. Tulisimama naye pale pale.

"Mama Battle, sijui niseme nini," alisema. "Hapa hapakuwa na jiwe hata moja. Vijana wangu waliona vyombo vilivyovunjika wakadhani ni jalala."

"Jalala lililopangwa kwa safu?" nikamwuliza. "Kila rundo na mmea wake kichwani, na yote yametazama mashariki?"

Hosea alivua ile kofia ya Idara, akaitundika kwenye usukani wa trekta yao, akaondoka. Tangu siku ile hajaenda tena kule, na jina la Tabor likitajwa redioni anazima redio.

Keturah mwenyewe hakuwepo. Unajua alikuwa wapi? Atlanta, kwenye kongamano la ushirikiano huo huo, akiwaonyesha wakubwa picha za msitu wetu na za Hosea aliyevaa kofia. Alifika kwangu Alhamisi akilia kuanzia mlangoni. Nilimpa kahawa kwa sababu alikuwa mgeni. Sikumfuta machozi.

"Bibi Izora, nilijua," aliniambia. "Mzee Hosea alipokalia mikono nilijua kabisa. Hata mimi nisingenyoosha kidole. Nikaacha wazi, nikasema tutatembea. Halafu Bwana Stroud akanipigia simu, akasema siku nzuri za kuchoma zinaisha na ripoti ya ushirikiano inatakiwa, na ramani haionyeshi kitu. Nikasema 'haya', trekta ije."

"Ulimwambia nani 'haya'?"

"Yeye."

"Na sisi ulituuliza saa ngapi?"

Aliinamia kikombe. Linwood, lile neno moja ndilo linalonichoma kuliko plau yote. Stroud hakujua maana ya mikono iliyokaliwa, na asiyejua unaweza kumtukana ukalala. Huyu alijua. Alilelewa na watu wanaokalia mikono yao, akaelewa ukimya wetu neno kwa neno, kisha akauweka mfukoni kwa sababu ripoti ilikuwa na tarehe yake. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilidhani walisema chawa. Alijaribu kunituliza kwamba plau haichimbi zaidi ya shubiri mbili, kwa hiyo waliolala hawakuguswa. Alinipa hilo kama zawadi.

Na mimi je? Usidhani sijajiuliza. Kila nikioga nautazama mkono huu. Kidole kingeoza? Nina miaka sabini na sita na sikuthubutu kujaribu, wakati kuweka kidole kwenye karatasi, karatasi tu, kungemwokoa shangazi aliyenilea nusu ya utoto wangu. Nina hasira nami pia, na hiyo ndiyo isiyokubali kulala.

Tangu hapo nimepokea barua mbili. Ya kwanza ni ya mkuu wa Tabor. Anasikitika sana. Anasikitika kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa tatu ananiambia kwamba Chuo na Idara wana wazo la ushirikiano mpya juu ya makaburi ya kale ya jamii yetu, wanayo mashine inayoona chini ya ardhi, na je, ningekubali kupigwa picha nikiwa nimeshika beseni, kwa ajili ya kipeperushi. Chuo kilichonitoa kwenye mashamba ya pamba kikanipa kalamu! Baba yangu alinifikisha pale kwa lori la jirani, akanishusha langoni akavua kofia mbele ya jengo tu. Barua yao nimeiwashia jiko.

Ya pili ni ya Idara, fupi, na hiyo nimeitunza kwa sababu ina meno. Wanasema wako tayari kuufunika mkanda, kuuhamisha, na kuandika eneo lile kuwa makaburi lisiguswe milele. Lakini ramani yao haina kaburi, wala ofisi ya kaunti haina, kwa hiyo lazima mtoto au mwenzi wa mtu aliyezikwa pale afike mwenyewe, aonyeshe walau kaburi moja kwa jina, na ale kiapo. Wajukuu hawatoshi, wapwa hawatoshi. Mwisho ni Ijumaa, tarehe nane Aprili. Siku hiyo ikipita, mkanda unabaki ulipo, na Desemba watapanda miche ya misonobari pembeni mwake, pande zote mbili.

Hesabu nawe. Mimi na Hosea ni wajukuu wa waliolala pale, na wazazi wetu wamelala kanisani. Watoto wa Babu wamekwisha wote. Wajane wamekwisha. Katika watu wote walio hai duniani ni mmoja tu ambaye mama yake yuko kwenye udongo ule, naye anakaa Tacoma na mgongo unamuuma.

Keturah alirudi Jumapili na wazo. Alizungumza chini chini ingawa tulikuwa wawili tu. Alisema tuandike kwamba wewe ni mgonjwa huwezi kusafiri, unipe mimi ruhusa, kisha nisimame popote kwenye mkanda niseme ni hapa, naye ataandika. "Simama popote tu, Bibi Izora. Nani atajua?"

Nilimwambia kwamba kumweka shangazi yangu pasipo pake ili karatasi yao ijae, hilo ndilo alilofanya yeye Februari, na mmoja wetu amelifanya tayari. Alilia tena. Safari hii nilimpa kitambaa. Sijamsamehe, lakini ni mtoto wetu, na siwezi kumrudisha dukani.

Na hata kama ningetaka kusema uongo nisingeweza kuusema vizuri. Siku mliyomzika mama yako nilikuwa nimelazwa kwa kibofu cha nyongo. Uliyehesabu hatua kutoka kwenye mwerezi ni wewe. Uliyepanda ule mmea kichwani pake ni wewe, na kisiki cha mwerezi bado kipo, nimekifunika turubai wasije wakaking'oa nacho. Hosea alikuwepo, lakini alikuwa ameshika kamba upande wa pili na anasema alikuwa anatazama mikono yake isiteleze. Kwa hiyo unaye mama ambaye ni wewe tu unayejua alipo.

Usiniambie habari za mgongo. Jocelyn ni muuguzi, aje nawe. Ndege inatua Savannah na mimi nitakuja kuwachukua, naendesha polepole lakini nafika. Chumba cha mbele kina godoro gumu kama madaktari wanavyolipenda. Usiniambie pia kwamba utatuma wakili, wala maua, wala barua kali kwa Idara. Barua kali nimewaandikia mimi, na unajua mimi kalamu yangu ikoje. Asiyekuwepo na lake halipo, Linwood. Hilo tulilijua kabla Idara haijalifanya sheria.

Nina neno moja la kumalizia, nalo nimelibeba miaka minane. Mwaka ule wa mkutano wa ukoo nilikupigia simu nikakubembeleza uje, walau uyaone makaburi. Ukanijibu umechoka na nyumbani, na kwamba huko nyuma ya shamba hakuna kitu ila misonobari. Nikaaga, nikakata simu. Juzi Keturah alinionyesha ile ramani ya ushirikiano, yenye mihuri miwili, wa Idara na wa Tabor. Mahali alipolala mama yako wameandika maneno matatu: misonobari, hakuna kingine. Sijui kama nikuchukie wewe au wao. Njoo kabla ya tarehe nane uwaambie wao ni waongo, nami nitajua na wewe umejiambia hivyo hivyo.

Nisalimie sana Marvella, mwambie mapishi ya siki ya pilipili nitampa mkononi, si kwa posta. Msalimie Jocelyn na wanawe wawili ambao sijawatia machoni. Hosea anakusalimu, hakusema hivyo, ila alikuja mara tatu kusimama nyuma ya kiti changu nikiandika. Mchungaji mdogo naye amekuombea Jumapili kwa jina, na siku hiyo alifika dakika ishirini na mbili.

Mungu aliyewahesabu nywele wote waliolala pale, akulinde njiani na akufikishe.

Mimi dadako nikupendaye, hasira na yote,

Izora Battle